Hereni ya Ndama

Ndama akivimba tezi chini ya sikio, mfugaji wa Simanjiro hasubiri kuambiwa: ni ndigana kali, kupe ameshafanya yake. Chanjo ipo, tena hutolewa mara moja tu. Tatizo ni kwamba huhifadhiwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, mrija mmoja una dozi za ndama wengi, na ikishayeyushwa haisubiri kesho. Ndama wakiwa wametangulia malishoni, daktari kaja bure na dawa imemwagika. Kwa hiyo siku ya chanjo ipangwe bomani, si ofisini. Mwenye ng'ombe ndiye ajuaye lini watahama. Aliyechanjwa huvishwa hereni, na mnadani wanunuzi huitazama. Wafugaji, mwambieni mapema afisa mifugo wenu: mna ndama wangapi?