Maji ya Paa na Maji ya Beseni: Hesabu Tunayodaiwa Nyumbani Nkome



Sisi wa kamati ya fedha tumezoea kusimama hapa na kusoma mapato na matumizi. Hayo mtayasikia kwa mweka hazina. Leo tumeombwa tuseme juu ya maji ya nyumbani na ya bustani, nasi tumekubali kwa sababu tuna deni la kulipa juu ya jambo hilo.

Deni lenyewe ni hili. Miaka michache iliyopita tulichangishana hapa hapa, tukanunua tanki la plastiki la lita 5,000 kwa ajili ya shule moja ya msingi. Tulilipeleka kwa lori, tukapiga picha, watoto wakaimba. Vitabuni tukaliandika kuwa ni mali ya chama, tukaweka sahihi. Tulipopita tena baada ya mwaka, tanki lilikuwa kavu. Paa halikuwa na gata hata moja. Ubao wa ukingo ambao gata ingefungwa ulikuwa umeliwa na mchwa, na hakuna aliyekuwa ameuangalia kabla hatujatoa fedha. Mvua zote za mwaka ule zilishuka kwenye mabati, zikachimba msingi wa darasa na kukimbilia ziwani, huku watoto wakiendelea kuja shuleni na vidumu mkononi.

Hatumlaumu mwalimu wala fundi. Tulionunua ni sisi. Tulinunua chombo tukasahau maji yataingiaje. Kwa hiyo kabla hatujawaomba shilingi nyingine, tunataka tufanye hesabu ambayo tungepaswa kuifanya siku ile.

Mtu wa mjini akisikia Nkome ina shida ya maji hucheka. Atasema: ninyi si mnakaa ziwani? Ni kweli, tena maji ya Ziwa Victoria, kutoka Ihelele kule Misungwi, yanapelekwa kwa bomba hadi Kahama na Shinyanga. Lakini maji ya kuyaona si maji ya kuyatumia. Ukingoni mwa ziwa kuna kichocho, na anayekipata kwanza ni mtoto anayesimama ndani ya maji akijaza ndoo. Kipindupindu kinatujua kwa majina. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko lilivyowahi kupimwa tangu mwaka 1964, na sehemu nyingi za kandokando vyoo na visima vikaingiliwa na maji yale yale. Penye bomba la mradi tunashukuru, lakini bomba likikatika siku tatu kila mtu hurudi ziwani. Na dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, awe analibeba mtu mzima au msichana wa darasa la tano.

Visima navyo vina mambo yake katika ukanda huu wa dhahabu. Watafiti waliopima maji ya ardhini upande wa Geita wamekuta baadhi ya vyanzo vina arseniki inayozidi mikrogramu 10 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Sumu hiyo hutoka kwenye miamba yenyewe. Haina rangi, haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Hatusemi visima vyote ni vibaya. Tunasema kisima kipimwe, na tusidharau maji yanayotoka juu, ambayo hayajapita kwenye mwamba.

Sasa hesabu ya paa. Kanuni ni moja na mtoto wa shule anaiweza: milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Mkoa wetu hupata mvua kama milimita 900 hadi 1,200 kwa mwaka, tuchukue 1,000. Hizo ni lita 48,000. Toa sehemu ya tano kwa yanayoruka, kuvuja na kukauka kwenye bati: zinabaki lita 38,400, yaani madumu 1,920. Hayo ni madumu matano kwa siku, mwaka mzima, kwenye paa moja ambalo tayari mmelilipia.

Bila shaka mvua haiji kwa awamu za kila siku. Huja vuli, huja masika, kisha kuanzia Juni hadi Agosti mbingu inafunga. Ndiyo maana chombo kinahitajika, lakini ukubwa wake utoke kwenye hesabu. Tazameni shule. Jengo la madarasa matatu lina paa la kama mita za mraba 200. Mvua moja nzuri ya milimita 20, ukiondoa kinachopotea, inaleta lita 3,200. Mvua mbili kama hiyo zingejaza tanki letu la lita 5,000 na nyingine kumwagika. Mbili tu! Nasi tuliliacha kavu mwaka mzima.

Tusijidanganye upande wa pili pia. Watoto 200 wakinawa kwa nusu lita kila mmoja, ni lita 100 kwa siku. Tanki la lita 10,000 lililojaa litawafikisha siku 100 za masomo. Wakitumia lita moja kila mtoto, ni siku 50. Tanki halichukui nafasi ya bomba. Linaziba pengo, na pengo hilo ndilo lenye kuhara na utoro.

Nyumbani kuna hesabu ya pili, ya maji ya beseni. Hapa hatuna la kuwafundisha mama zetu. Nani kati yetu hakukulia kwenye uga ambao nyuma ya bafu kuna mgomba mnene kuliko yote? Mgomba ule haukubahatika. Mama aliupanda pale kwa makusudi, maana maji ya kuoga yalipita pale. Kisha tukahamia mjini, tukajenga mashimo ya maji machafu, tukasahau.

Chukueni kaya inayotumia madumu sita kwa siku. Kama nusu inaishia kwenye kufua, kuoga na kuosha vyombo, hizo ni lita 60 zinazomwagwa uani. Kwa siku 120 za kiangazi ni lita 7,200, sawa na madumu 360. Kama kwenu dumu huuzwa shilingi 200, mmemwaga shilingi 72,000. Weka bei ya kwenu uzidishe mwenyewe. Msemo unasema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, lakini anayemwaga anaweza kuchagua pa kumwagia.

Pa kumwagia pana masharti yake, na tunaomba myasikilize kwa sababu maji yaliyotumika yanaweza kuleta ugonjwa.

Kwanza, yatumike siku hiyo hiyo. Yakilala huoza, hunuka na kuita mbu. Pili, yapelekwe kwenye shina, chini ya matandazo, yasirushwe kwenye majani. Migomba, mipapai, miembe na miti ya kivuli huyapenda. Mchicha na mboga nyingine za majani, hasa zinazoliwa mbichi, zipeni maji safi ya mvua. Tatu, maji ya kufulia nepi, na ya nyumba yenye mgonjwa wa kuhara, yaende chooni. Nne, maji yenye dawa ya kung'arisha nguo yasifike bustanini. Tano, sabuni ina chumvi, na chumvi ikizidi udongo hushikana kama sakafu. Badilisheni mashimo kila baada ya siku chache, na mvua ikinyesha acheni isafishe. Sita, maji ya vyombo yapite kwanza kwenye kikapu chenye nyasi kavu kinachoshika mafuta na mabaki. Nyasi zikichafuka zinaenda kwenye mbolea.

Asiyetaka kubeba beseni achimbe mfereji mfupi kutoka bafuni, aujaze kokoto, afunike, apande migomba pande mbili. Uwe mbali na kisima na usielekee ziwani. Kazi ya asubuhi moja.

Maji ya paa nayo yana masharti. Mvua ya kwanza huosha vumbi na kinyesi cha ndege, kwa hiyo isiingie tankini. Kwa paa la mita za mraba 48, mwaga angalau lita 25 za mwanzo. Fundi anaweza kuweka kipande cha bomba kinachosimama wima, chenye kifuniko chini, kikapokea uchafu huo kabla maji hayajaenda tankini. Mdomo wa tanki uwekwe wavu, kwa sababu mbu wanapenda maji masafi yaliyotulia. Na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama yameng'aa. Jambo moja zaidi, kwa ndugu zetu wachimbaji: zebaki inayochomwa kutoka kwenye dhahabu inapanda kama moshi na kutua karibu, na paa ni karibu sana. Nyumba ambayo dhahabu huchomwa uani isikinge maji ya kunywa. Na afadhali isichomwe nyumbani kabisa, maana moshi huo huingia kwanza kifuani mwa watoto.

Hatujazua jambo jipya. Thailand, katika miaka ya 1980, familia za vijijini zilifinyanga mitungi ya saruji ya lita 1,000 hadi 2,000 kwa mikono ya mafundi wa kijiji, wakaweka gata, na ndani ya miaka michache mitungi ikafikia mamilioni. Jimbo la Gansu huko China, baada ya ukame wa mwaka 1995, kila kaya ilisaidiwa kuwa na sehemu moja ya kukingia mvua, matangi mawili na kipande kimoja cha bustani. Jirani zetu wa Machakos na Kitui nchini Kenya wanazuia maji ya msimu kwa mabwawa ya mchanga. Wote hao wana mvua chache au za msimu kama sisi. Walichotuzidi ni kwamba walianza na njia ya maji, wakamalizia na chombo.

Ndugu Mwenyekiti, ndiyo maana mwaka huu hatuombi fedha za matanki. Tunaomba fedha za mfumo, kwa mpangilio huu. Kwanza, mbao za ukingo wa paa na gata. Pili, mabomba ya kushushia na kile kipande cha mvua ya kwanza. Tatu, msingi imara wa kukalia tanki, maana lita 5,000 ni tani tano. Nne, tanki lenyewe. Na lile la zamani litakuwa la kwanza kujazwa. Tano, koki yenye kufuli, na bustani ya shule chini yake, ili maji ya kunawia yaende kwenye mipapai. Fedha ya hatua inayofuata haitatoka mpaka hatua iliyotangulia ionekane kwa macho ya kamati ya shule na mmoja wetu.

Na katika kila shilingi 100 mtakazotoa, tunapendekeza 15 zisiguswe. Zitabaki kwa ajili ya gata litakalolegea na koki itakayovuja. Hakuna anayependa kuchangia koki. Haipigiwi picha. Lakini tanki lenye koki mbovu linaisha usiku mmoja.

Tunajua wapo waliochangia safari ile na leo wanasita. Wana haki. Kijana mmoja alituuliza: "Kaka zangu, lile tanki letu limeshanywesha nani?" Hatukuwa na jibu. Tunataka mkutano ujao tuwe nalo, tena kwa tarakimu: limejazwa mara ngapi, limetumika siku ngapi, limevuja wapi. Kamati ya shule itaweka daftari, nasi tutalisoma hapa mbele yenu pamoja na mapato na matumizi. Likisomeka vibaya, tuulizeni sisi.

Wanachama mlio mbali, ahadi zenu mziweke kwa mweka hazina na mdai stakabadhi. Mlio nyumbani, msitusubiri. Wikiendi hii pimeni paa lenu, urefu kwa upana, mzidishe. Halafu angalieni beseni la jioni linamwagwa wapi. Mkikuta njia ya maji hayo inapita mahali patupu, pandeni mgomba mmoja.