Kukaa Pamoja Katika Nyumba za Kupanga

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imetupa kazi ya kusema juu ya jambo ambalo halimo katika sheria za Chama, lakini ambalo mwaka huu limechukua saa nyingi za vikao vyetu kuliko karo za shule na kuliko mazishi. Nalo ni ugomvi wa nyumba za kupanga: mpangaji na mwenye nyumba, na wapangaji wao kwa wao.

Wazee mliopo mwakumbuka wakati ambapo kijana aliyetaka kuoa alionyeshwa mahali pa kujenga katika shamba la baba yake, na maneno yakaishia hapo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, yaani watu 957 kwa kila kilometa moja ya mraba upande mmoja, na 675 upande wa pili. Shamba lililokwisha kugawanywa mara tatu halina tena mahali pa kumwonyesha kijana. Basi kijana ameingia mjini, na yule ambaye shamba lake li karibu na barabara ameng'oa migomba, akajenga safu mbili za vyumba zinazotazamana, na bomba moja la maji katikati. Tangu Chuo Kikuu cha Kisii kipate hati yake mwaka 2013, wanafunzi nao wamezidisha haja ya vyumba huko Nyamage, Jogoo na Nyanchwa.

Tukumbuke, basi, kwamba mwenye nyumba na mpangaji wake wote wawili ni watu wetu. Siku ya kulipa ada hukaa katika benchi moja. Ndiyo maana ugomvi wao haukosi kufika kwetu.

Wako wasemao kwamba kupanga ni desturi ya kigeni, na kwamba Mgusii hana mazoea nayo. Hatukubaliani nao. Tangu zamani mtu aliyetoka kwao akaja kukaa katika nchi ya ukoo usio wake aliitwa omomenyi, na wenzake abamenyi. Alipewa mahali pa kukaa na pa kulima. Kazi ya shamba ilipozidi nguvu za mtu mmoja, majirani walikusanyika katika risaga, nao hawakukusanyika kwa ukoo peke yake, bali kwa ujirani. Walipokosana, wazee wa mtaa waliketi katika etureti wakasikiliza pande zote mbili. Hatusemi kwamba omomenyi wa zamani na mpangaji wa leo ni mamoja. Yule hakulipa kodi kila mwezi, wala huyu hapewi shamba. Lakini kumkalisha asiye wa nyumba yako, na kukaa kwa heshima katika mahali pasipo pako, ni mambo ambayo wazee wetu waliyajua kabla mji wa Kisii haujajengwa.

Wala sisi si watu wa kwanza kuumizwa na kodi. Baba zetu waliokwenda kutafuta kazi Nairobi walipanga vyumba katika nyumba za Pumwani, na huko Mombasa, wafanyakazi walipogoma mwaka 1939, shida ya nyumba na ughali wa kodi vilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa. Tofauti ni hii: wakati ule Mgusii alikuwa mpangaji tu ugenini. Sasa yumo pande zote mbili za mlango.

Tutaeleza kisa kimoja, bila kutaja majina, maana wahusika wako katika mkutano huu nao wametupa ruhusa. Mwanachama wetu mmoja, fundi wa uashi, alikuwa na chumba Kisii mjini, na kwao ni upande wa Nyamira. Aliugua siku chache akafariki hospitalini. Ndugu zake walipokwenda chumbani kuchukua suti ya kumzikia, walikuta kufuli ngeni mlangoni. Mwenye nyumba alisema marehemu alikuwa na deni la miezi miwili, shilingi 6,000, na ya kwamba hakuweka amana yoyote alipoingia. Ndugu hawakuwa na karatasi wala neno la kujibu. Mazishi yalikuwa kesho kutwa. Wajumbe wa Kamati walitoa shilingi 6,000 katika mfuko wa mazishi, mlango ukafunguliwa, suti ikapatikana.

Baada ya mazishi mjane alifungua simu ya marehemu. Humo ulikuwamo ujumbe wa M-Pesa: shilingi 3,000 zilizotumwa siku ile ile aliyoingia katika chumba, kwa simu ya mtoto wa mwenye nyumba. Tulimwendea mzee yule kwa adabu tukamwonyesha. Alinyamaza kitambo, kisha akamwita mwanawe, na kijana akakiri kwamba alizipokea akasahau kumwambia baba yake. Mzee alirudisha shilingi 3,000 siku ile ile, naye hakungoja kuombwa mara mbili. Lakini mjane alituuliza swali moja ambalo hatujalisahau: je, mume wangu angalizikwa na nguo gani kama Chama kisingalikuwa na fedha?

Ndugu wanachama, katika kisa hiki hakuna mwizi. Yuko mzee ambaye hakuandika, yuko kijana aliyesahau, na yuko fundi ambaye alilipa bila kudai stakabadhi kwa kuwa aliona haya kumdai mzee wa kwao. Haya hiyo ndiyo iliyofunga mlango. Twaona mara nyingi kwamba watu wa nchi moja huogopa kuandikiana, wakidhani kuandika ni kutoaminiana. Kwa maoni yetu, mambo ni kinyume. Mgeni humwandikia mgeni kwa sababu hamjui. Ndugu na amwandikie ndugu ili waendelee kujuana.

Basi yafaa mambo yasemwe siku ya kwanza, kabla kitanda hakijaingia. Kodi ni kiasi gani, nayo hulipwa tarehe gani na kwa nani. Amana ni kiasi gani, nayo itarudishwa lini na kwa kukata nini. Ni nani atatengeneza paa likivuja, maana nchi yetu ni ya mvua. Na lango: hufungwa saa ngapi? Mwuguzi wa zamu ya usiku hurudi alfajiri, na mama auzaye ndizi Daraja Mbili huondoka kabla ya jogoo. Ikiwa lango lafungwa saa nne za usiku na ufunguo u kwa mtu mmoja, huyo mama atagombana na mwenye ufunguo kila juma.

Ugomvi ulio mkubwa kupita yote ni wa umeme. Nyumba nyingi zina mita moja kwa vyumba vyote, nao wapangaji huchanga sawasawa kununua tokeni. Haki gani hii? Chumba cha kwanza kina taa moja. Chumba cha pili kina jokofu na televisheni, na cha tatu yumo kijana apigaye pasi nguo za watu kwa malipo. Mwisho wa mwezi yule mwenye taa moja hukataa kuchanga, wenzake humwita mchoyo, na nyumba nzima hulala gizani. Tumeona wapangaji wa Mwembe waliopatana vizuri: kila kifaa kikubwa kilihesabiwa kuwa kama chumba cha ziada katika mchango. Wengine walimwomba mwenye nyumba aweke mita ndogo kwa kila chumba. Gharama yake ni ya mara moja, na ugomvi wa tokeni haukurudi. Tungependa wenye nyumba walio hapa wafikiri juu ya jambo hili kwa uzito, kwa kuwa mpangaji anayehama kwa sababu ya umeme huacha chumba kitupu.

Maji na choo havina hila nyingi. Zamu ya kuosha choo na iandikwe ukutani kwa namba za vyumba, wala si kwa majina, ili mpangaji mpya arithi zamu pamoja na chumba. Mapipa ya maji ya mvua yagawiwe. Na hapa twaongeza neno ambalo si la ugomvi bali la uhai: baridi ya milima yetu huwafanya watu walale na jiko la makaa chumbani, milango na madirisha yamefungwa. Moshi wa makaa una sumu isiyonusika, nayo huua watu usingizini. Jirani akiona jiko laingizwa ndani usiku, asione haya kubisha hodi.

Vijana wawili wanaoshiriki chumba kimoja wana shida ya namna yao. Stakabadhi huandikwa jina moja. Mwenye jina hujiona mkubwa, na yule wa pili hujiona mgeni. Kisha mmoja huhama katikati ya muhula, na kodi nzima humwangukia aliyebaki. Majina yote mawili na yaandikwe, tena wapatane mapema kwamba anayetaka kuhama atamwambia mwenzake mwezi mmoja kabla. Habari za sufuria, sukari na wageni wanaolala siku nne twawaachia wenyewe.

Sasa twaja kwa sheria, maana wengi hawaijui. Sheria ya Kudhibiti Kodi, ya tangu mwaka 1959, yahusu nyumba za kukaa ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Vyumba vingine vyetu vya mashambani na vya miji midogo vingali chini ya kiasi hicho. Vyenye umeme mjini vyaweza kukipita. Kwa vile vilivyo chini, mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji bila amri ya baraza la sheria, na kumsumbua ili ahame au ili alipe zaidi ni kosa la jinai. Kwa vile vilivyo juu, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yataka anayekodi mwezi kwa mwezi apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, na yeye pia atoe notisi kama hiyo akitaka kuondoka. Tena kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya deni ni kazi ya dalali mwenye leseni kwa utaratibu wa sheria, wala si kazi ya mwenye nyumba na kufuli lake. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, zilisikika habari katika nchi yetu za wenye nyumba walioondoa milango na mabati juu ya vichwa vya watu. Hiyo si njia ya kudai deni.

Lakini hatutaki wapangaji watoke hapa wakishangilia. Katika wenye nyumba wetu wamo walimu waliostaafu ambao walijenga kwa mkopo wa chama cha akiba, na mkopo haungoji. Yuko mama mjane Keroka mwenye vyumba vinne, na karo ya wajukuu yatoka humo. Mwaka huu mpangaji wake alihama usiku wa manane kwa mkokoteni, akaacha deni la miezi mitatu na mlango uliovunjika. Mpangaji yule alisema mshahara wake ulichelewa. Yawezekana ulichelewa; lakini kwa miezi mitatu hakumwendea mama yule hata mara moja kumweleza, bali alikuwa akipita nyuma ya nyumba ili asionekane. Twamwona ana hatia zaidi kwa kule kujificha kuliko kwa lile deni. Aliye na shida na aje mapema, aseme ataleta kiasi gani na siku gani, hata kama ni nusu. Wachumaji chai wa Nyamira wanajua kuahidi kwa bonasi. Lakini bonasi huja mara moja kwa mwaka, na mwenye nyumba hula kila siku.

Kamati imekata shauri mambo mawili, nayo yaletwa mbele yenu yapigiwe kura. La kwanza, mfuko wa mazishi usilipe tena deni la nyumba la mwanachama yeyote. Tulipolipa zile shilingi 6,000 tulifanya kwa ajili ya maiti iliyokuwa ikingoja. Hata hivyo fedha zile ni za majeneza na za wajane, na kama kila kufuli litafunguliwa kwazo, mfuko hautafika mwisho wa mwaka. Badala yake twaomba kila mwenye nyumba aliye mwanachama aahidi leo kwamba chumba cha marehemu hakitafungwa kabla ya mazishi, na deni lijadiliwe baadaye na warithi.

La pili, wachaguliwe wazee watatu na akina mama wawili, wakae kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne za asubuhi, kusikiliza ugomvi wa nyumba. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, yakubali mapatano na njia za kimila za kumaliza magomvi, mradi zisipingane na haki wala sheria. Wazee hao hawatatoza kitu, wala hawatakuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu. Asiyeridhika ataendelea kwa mahakama. Mwenye nyumba asikae katika shauri la mpangaji wake mwenyewe.

Vitabu vya stakabadhi, pamoja na karatasi ya mapatano yenye nafasi za kujaza kodi, amana, tarehe na namba ya simu ya anayepokea fedha, viko mezani kwa Katibu. Mwenye nyumba atwae kitabu kimoja na mpangaji karatasi mbili, moja yake na moja ya mwenye nyumba. Wasioweza kusoma watasaidiwa na Karani baada ya chakula.