Gongo Ikishamwagwa, Aende Wapi?

Tangazo la msako wa gongo limetoka wiki hii. Msimu wa korosho umeingia, mabibo yameanza kudondoka, na msako umetangazwa kama mwaka jana, kama mwaka juzi. Mapipa yatakamatwa, gongo itamwagwa, wapikaji watafikishwa mahakamani. Sheria inayokataza kupika gongo ni ya mwaka 1966, na kituo hiki cha redio hakiipingi. Tunauliza jambo moja tu. Gongo ikishamwagwa, yule aliyekuwa akiinywa aende wapi?

Swali hili tuliletewa mlangoni. Mama mmoja wa kata yetu ya Nambambo alifika kituoni asubuhi, khanga imefungwa kiunoni, akasema mumewe amekubali mwenyewe kuacha. Akauliza: "Hao wanaoacha pombe hukutana wapi, na siku gani?" Tulitazamana. Siku ya mnada wa korosho tunaijua. Siku ya kliniki ya watoto tunaijua. Saa ya mechi ya timu ya Namungo kule Ruangwa tunaijua. Siku ya watu wanaoacha pombe hatukuwa nayo.

Alitueleza jinsi mumewe anavyoshika kikombe cha chai kwa mikono miwili na chai bado inamwagika mezani. Ili mikono itulie, anazimua. Akishazimua, siku imekwisha. Mtu huyu aende wapi?

Hapa tuelewane vizuri. Mwili uliozoea pombe kali kila siku kwa miaka, ukikatiwa ghafla, unaweza kushikwa na kifafa, mtu akaona vitu visivyokuwepo, hata akafa, na yote hayo ndani ya siku chache za mwanzo. Kumfungia ndani ili akome ni kuhatarisha maisha yake. Kwanza apelekwe hospitali. Lakini hospitali itamtuliza mwili kisha itamruhusu arudi nyumbani, na njia ya kurudi nyumbani inapita kilabuni. Jioni ile ya kwanza, aende wapi?

Tumeshaliona hili. Machi 1, 2017, viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku nchi nzima, na aliyetangaza ni Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa jirani zetu wa Ruangwa. Ilikuwa hatua njema. Viroba viliondoka madukani, mnywaji akabaki. Na huku kwetu anayekosa cha dukani hakosi cha shambani: mabibo yanakamuliwa, yanakuwa uraka, uraka unapikwa, unakuwa gongo. Kila mwaka tunahangaika na pipa. Mtu tunamwacha.

Wengine tumewawekea njia. Waraibu wa heroini walianza kupewa methadoni Muhimbili mwaka 2011, na ziko nyumba za upataji nafuu. Wanaoishi na virusi vya Ukimwi wana konga zao, wanakaa pamoja, wanakumbushana dawa. Akina mama wana vikoba. Mlevi wa Nambambo ana kikundi kimoja tu kinachompokea kila siku bila kumcheka, nacho ni kilabu.

Kikundi kingine kinawezekana. Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, wakala wa hisa aitwaye Bill Wilson alikuwa na miezi michache tu tangu aache pombe. Biashara iliyompeleka kule ilikuwa imeharibika, kiu ikampanda, na baa ya hoteli ilikuwa hatua chache tu kutoka aliposimama. Akashika simu, akatafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akamfikia daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye naye pombe ilikuwa imemshinda. Wakakaa, wakazungumza. Hicho ndicho chanzo cha AA (Alcoholics Anonymous), vikundi vya wanaoacha pombe ambavyo leo vimeenea duniani, Dar es Salaam na Arusha zikiwemo. Hakuna ada. Jina la mtu halitoki nje ya chumba. Sharti ni moja: uwe unataka kuacha.

Lakini Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Nani atapanda basi kila wiki kwenda kukaa saa moja na wenzake? Kikundi kinatakiwa kiwe hapa hapa. Na kinahitaji nini? Chumba kimoja, mabenchi mawili, jioni moja kwa wiki, na watu wawili wa kuanza.

Basi mtendaji wa kata, unapoandika tangazo la msako, ongeza mstari mmoja wa mahali pa kwenda! Sheikh, padri, mchungaji, fungueni chumba kimoja, na asiulizwe mtu dini yake! Viongozi wa ushirika, ofisi ikifungwa jioni, toeni funguo! Waganga wa zahanati, mgonjwa anapotoka, mwambieni siku na saa! Nawe uliyeacha pombe miaka mingi ukanyamaza kwa aibu, wewe ndiwe unayesubiriwa. Jitokeze! Mwenzako anatetemeka na kikombe mkononi asubuhi hii.

Tuleteeni siku, tuleteeni saa, tuleteeni mahali. Tutavisoma hewani kila wiki, baada ya bei ya korosho, bila kudai hata shilingi moja. Yule mama alisema atarudi, na safari hii tuwe na la kumjibu.