Kompyuta Ndogo na Sanduku la Kufuli Tatu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Migori na Homa Bay)



Ndugu viongozi, akina mama, akina baba na vijana wetu, nawashukuru kwa kuacha mashamba na nyavu mkaja kusikiliza habari za kitu kinachotoshea kwenye mfuko wa shati. Nimeombwa kuzungumza juu yake kwa sababu katika vikundi kadhaa vijana wameanza kuomba pesa za mradi wa "kompyuta ndogo", na wazee wanauliza kama huo ni mchezo au ni kazi. Mimi si fundi. Kazi yangu ni ustawi wa jamii, na jambo hili nimelitazama kwa jicho hilo: nani atafaidika, nani atabeba hasara, na nani atabaki na ufunguo.

Kompyuta yenyewe ni kibao kimoja chenye ukubwa wa kadi ya benki. Juu yake vimeunganishwa vitu ambavyo kompyuta ya ofisini huvificha ndani ya sanduku kubwa. Haina kioo, unaiunganisha na televisheni. Inakula umeme wa volti 5, kama chaja ya simu. Inayojulikana zaidi inaitwa Raspberry Pi. Ilibuniwa Cambridge, Uingereza, ili watoto wajifunze kutunga programu, na ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35. Tangu hapo zimeuzwa makumi ya mamilioni, na wengi walionunua si watoto bali ni watu wazima wanaozichezea nyumbani jioni baada ya kazi: taa iwake yenyewe giza likiingia, bustani inywe maji udongo ukikauka, mlango utume ujumbe kwenye simu ukifunguliwa. Hapa kwetu Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri wamezitumia kurekodi sauti za ndege.

Ana mdogo wake anayeitwa Pico, aliyetoka mwaka 2021 kwa dola 4. Huyo hana akili nyingi. Hufanya kazi moja tu uliyomfundisha, usiku na mchana, bila kuchoka. Bei hizo ni za huko zinakotoka. Zikifika kwetu huongezeka, na baada ya ugonjwa wa Korona vibao hivi viliadimika duniani kote, bei ikapanda sana. Kwa hiyo ulizeni bei ya siku hiyo, msitegemee niliyosema mimi.

Mimi sina ubaya na mchezo. Anayechezea kifaa bila kukiogopa ndiye hujifunza upesi. Lakini pesa za nyoluoro si za mchezo, hilo sote tunakubaliana.

Sasa niwaambie jambo ambalo huenda hamjaliwaza. Wengi wenu mmeshaishi na kompyuta ndogo nyumbani bila kuiita hivyo. Mnakumbuka mitambo ya sola ya M-KOPA, iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2012? Ulilipa kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa, na ndani ya kile kisanduku mlikuwa na laini ya simu. Ukilipa, taa zinawaka. Usipolipa, taa zinafungwa, na anayezifunga hajapita hata mlangoni pako. Biashara ile iliondoa koroboi katika nyumba nyingi, wala siilaumu. Ninachotaka mwone ni kwamba paa lilikuwa lako, jua lilikuwa la Mungu, lakini ufunguo haukuwa mkononi mwako mpaka umalize deni.

Kibao hiki cha vijana kinaweza kufanya kazi ya namna ile ile, na ufunguo ukabaki kijijini. Hapo ndipo faida yake ilipo kwetu. Na hapo hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu "kijijini" si mtu mmoja. Nitarudi kwa hilo.

Kwanza tuwasikilize ndugu zetu wa Rusinga. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2015, watafiti wa icipe pale Mbita, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi na wengine, waliweka sola katika nyumba zaidi ya 4,000 za kisiwa hicho. Kila nyumba ilipata taa mbili, mahali pa kuchaji simu, na mtego wa mbu wenye feni ndogo na harufu iliyofanana na ya binadamu. Matokeo yalitolewa mwaka 2016 katika jarida la Lancet: walipokuwa na mitego, malaria ilikuwa chini kwa karibu asilimia 30. Hiyo ni kazi kubwa iliyofanywa na paneli, betri na feni. Lakini tazameni, betri moja ililisha taa, simu na mtego. Betri kama hiyo ikizeeka, na mama ana pesa ya kuokoa kitu kimoja tu, ataokoa nini? Ataokoa taa ya mtoto kusomea, na simu. Mtego hauna wa kuutetea. Kila mashine mnayoileta kijijini ina betri itakayokufa siku moja, na pesa ya betri hiyo ianze kuwekwa siku ile ile mashine inapowashwa, hata kama ni shilingi ishirini kwa kila mwanachama kwa mwezi.

Sasa tuje kwa kazi ambayo naona inatufaa kuliko zote: mashine ya kuangua vifaranga. Kuku wa kienyeji tunawajua, na soko lake halina shida. Mayai yanataka joto la nyuzi 37 na nusu kwa siku 21, unyevu wa kutosha, na kugeuzwa mara kadhaa kwa siku mpaka siku ya 18. Ni kazi ya kuamka usiku, na mwenye kuamka ni mama. Kijana akiweka kipima joto, Pico mmoja na swichi inayotii amri zake, kisanduku cha mbao kitawasha balbu joto likishuka na kuizima likipanda. Mayai huvumilia baridi ya muda mfupi kuliko joto la kupita kiasi. Joto likifika nyuzi 40 likakaa hapo, mnapoteza yote. Kwa hiyo mwambieni kijana kwamba swichi ikiharibika, iharibike ikiwa imezima, na pawe na kengele ya kuamsha mtu. Akikuambia haiwezi kuharibika, usimpe pesa.

Anzeni na mayai 30, wala si 300. Na wekeni mengine 12 chini ya kuku mtamiaji, mlinganishe.

Hesabu ya stima msiiache kwa fundi peke yake, kwa maana si ngumu. Raspberry Pi ya kawaida inakula kama wati 4. Kwa saa 24 hiyo ni wati-saa 96. Betri ndogo ya volti 12, ile ya 7Ah, ina wati-saa 84, na betri ya asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, basi mna 42. Kompyuta itakaa macho saa kumi hivi, kisha inalala. Pico anakula chini ya nusu ya wati moja. Huyo betri ile ile itambeba siku tatu na zaidi. Lakini balbu ya kutia mayai joto ya wati 60 itaimaliza kwa dakika arobaini! Wengi wanadanganyika hapo. Kinachokula stima ni joto, kompyuta hailaumiwi. Mahali ambapo stima inapotea kila jioni, fikirieni taa ya mafuta ya kutia joto, na kompyuta ibaki kazi ya kupima na kupiga kengele tu.

Jambo lingine: stima ikikatika ghafula, kadi ya kumbukumbu ndani ya Raspberry Pi inaweza kuharibika, na kazi yote ikapotea. Kadi ni kitu kidogo kama ukucha. Tengenezeni nakala mbili tangu mwanzo. Na radi ya pande hizi mnaijua. Mawingu yakianza kukusanyika juu ya ziwa, chomoeni nyaya. Vijana wacheze na volti 5 na volti 12 watakavyo. Ile ya ukutani, volti 240, aiguse fundi mwenye leseni ya EPRA.

Kazi ya pili ninayoipenda ni maktaba. Kuna programu za bure, kama Kolibri na Kiwix, zinazoiwezesha Raspberry Pi kubeba masomo na vitabu vingi na kuvigawa kwa waifai ndani ya darasa au ukumbi wa parokia bila intaneti. Mwanafunzi anasoma kwa simu ya mzazi bila kununua bando. Mkitaka kwenda mbali zaidi, kugawa intaneti yenyewe kwa majirani, hilo linahitaji leseni. Mamlaka ya Mawasiliano iliweka utaratibu wa mitandao ya jamii mwaka 2021, basi ulizeni kabla ya kupandisha antena.

Kamera sizipendi. Mnaweza kunikatalia. Kikundi kinachoweka kamera nyumbani kwa mweka hazina kimeshaacha kumwamini, na hilo haliponywi na kompyuta. Tena majina ya wanachama, akiba zao na habari za afya zao yasiwekwe ovyo kwenye kibao ambacho kila mwenye waifai anakifikia. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu 2019.

Haya, turudi kwa ufunguo. Ninyi mnaoweka akiba mna sanduku la kufuli tatu. Wenye funguo ni watatu, na mweka hazina si mmoja wao. Hamkufundishwa hivyo kwa sababu watu wetu ni wezi. Ni kwa sababu mtu huugua, husafiri, hufiwa, huolewa, hukasirika. Sasa mbona kompyuta ya kikundi mnamwachia kijana mmoja? Neno la siri liko kichwani mwake, programu iko kwenye simu yake, na mchoro wa nyaya haupo popote. Siku akipata kazi Nairobi, ninyi mnabaki na kibao na mayai.

Kijana huyo mlipeni. Naona vikundi vinamwita usiku na mchana, na malipo yake ni chai. Mpeni posho iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, na kazi yake moja iwe kufundisha wengine wawili. Mmoja wao awe msichana, na asiwe binti wa mwenyekiti. Kila mmoja wao azime mashine, atoe kadi, aweke ya nakala na aiwashe tena mbele ya wanachama, huku aliyeitengeneza amekaa na mikono mfukoni. Mpaka hilo liwezekane, mradi bado ni wa kijana, si wa kikundi.

Kisha nunueni daftari la shilingi hamsini. Humo uchorwe kila waya na rangi yake, na kila kifaa kiandikwe kilinunuliwa wapi na kwa bei gani. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi, litiwe ndani ya bahasha, isainiwe juu ya gundi, iingie ndani ya sanduku pamoja na kadi moja ya nakala. Bahasha ikifunguliwa, katibu aandike tarehe na sababu, kama anavyoandika pesa zikitoka. Na yule kijana akija kuaga, neno la siri libadilishwe siku hiyo hiyo, wanachama wakitazama, bahasha mpya ifungwe kabla hajapanda gari.

Sasa maswali, na tuanze na akina mama walioketi kule nyuma.