Kura Zikiisha Kuhesabiwa, Kazi Haijaisha
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mashamba



Wengi wanatuuliza: kura ina faida gani, ikiwa wakubwa wanafanya wapendavyo? Hatutajibu kwa kelele. Sisi makarani wa mgodi tumezoea kujibu kwa hesabu.

Mei 1960 Katanga ilichagua Baraza la jimbo, viti 60. CONAKAT ya Bwana Tshombe ilipata 25. Muungano wa BALUBAKAT ya Bwana Sendwe, pamoja na ATCAR na FEDEKA, ulipata 22. Viti 13 vilikwenda kwa wengine. Basi hakuna chama kilichofika 31.

Tena sheria ya Wabelgiji ilidai theluthi mbili za wajumbe wawepo barazani ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe, yaani watu 40. Wale 22 wakakataa kuingia. Toeni 22 katika 60: hata wale 13 wakikaa wote, wanabaki 38. Walipungua wawili tu! CONAKAT ilipaswa kuwaita wenzake na kupatana nao. Lakini katikati ya Juni, Brussels ikaigeuza sheria ile. Bwana Tshombe akaunda serikali, na tarehe 11 Julai 1960 akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Damu ya ndugu ikamwagika, na mambo hayakwisha mpaka Januari 1963, askari wa Umoja wa Mataifa walipoingia hapa kwetu Kolwezi.

Mtu akibadili mawe ya mizani wakati shaba imekwisha kupimwa, tunamwita nani? Ninyi mwajua.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, jiandikisheni nyote, na mama zetu watangulie, maana mwaka ule walichagua wanaume peke yao. Pili, mashahidi wetu wasiondoke chumba cha kura mpaka hesabu imeandikwa na kutiwa sahihi, hata usiku ukiwa mkubwa. Tatu, yeyote atakayegusa sheria baada ya hesabu, tumkatalie kwa sauti moja, hata akiwa mtu wetu, hata akiwa wa kabila letu.

Kura ni mali yako, ndugu. Usiiweke sandukuni kisha ukaenda kulala.

Uhuru na umoja!