Fungua Sanduku Kabla ya Gulio

Msikilizaji, iwe uko Kilosa mjini, Kimamba au Mikumi, kabla hujainamia rundo la mitumba gulioni, toa kwanza nguo zako zote sandukuni uzitandaze kitandani.

Anza na shati. Mara nyingi huchakaa kola, mwili ukiwa mzima. Mpelekee fundi cherehani aifumue kola, aigeuze upande uliochakaa ujifiche, kisha airudishie. Sketi ya shule iliyompanda binti magotini, tazama upindo: fundi anayejua kazi huacha kitambaa cha akiba humo. Ufumue, uushushe, upige pasi. Alama ya upindo wa zamani itaonekana kidogo, si kitu. Suruali iliyotoboka magoti ni kaptula tayari, na vipande vinavyobaki viweke, vitakuwa viraka.

Nanyi wa Mikumi mnaofanya kazi karibu na hifadhi, tazameni pia rangi za nguo mlizotandaza: bluu iliyokolea na nyeusi huvutia mbung'o, ndiyo maana hata mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Zivaeni kanisani, msikitini na harusini. Porini vaeni kaki.

Masika nayo huleta ukungu, kwa hiyo usikunje nguo yenye unyevu. Jua likitoka, ianike ikiwa imegeuzwa ndani nje, rangi isipauke.

Ile usiyoivaa tangu mwaka jana, mpe mdogo wako au badilishana na jirani. Na wiki hii, kabla ya siku ya gulio, mpelekee fundi nguo moja tu.