Ugonjwa wa Nozo za Dizeli na Dawa Yake

(Hotuba kwa wenye malori na madereva wao)



Lori likisimama njiani na shehena ya mahindi au maziwa, hasara si ya mwenye lori peke yake. Maziwa huchacha, soko hupita, na mkulima aliyeamka kabla ya jogoo kuwika hurudi nyumbani mikono mitupu. Tena hasara ya pili hungoja gereji. Mwenye lori huambiwa kwamba pampu imekufa. Huuza ng'ombe ili anunue nyingine, kumbe ugonjwa ulikuwa ni maji katika chujio la dizeli. Kwa hiyo yapasa kila dereva ajue kidogo habari za nozo, yaani kile kifaa ambacho wengine hukiita injekta.

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto kama ile ya petroli. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu katika mji wa Augsburg mwaka 1897, alitumia hewa yenyewe. Pistoni huibana hewa kwa nguvu hata ikapata joto la zaidi ya digrii 500. Hapo ndipo nozo hurusha mafuta ndani ya silinda, nayo huwaka mara moja. Lakini sharti mafuta yatoke kama ukungu mwembamba. Yakitoka kwa matone, hayaungui vema; na nozo inayovuja kwa muda mrefu yaweza hata kutoboa kichwa cha pistoni.

Dalili za nozo mbovu ni hizi: injini hukataa kuwaka asubuhi, hutetemeka gari likiwa limesimama, hugonga kama nyundo, hutoa moshi mweusi, na hula mafuta kupita kawaida yake. Walakini, mtu asihukumu kwa dalili moja. Moshi mweusi waweza kutokana na chujio la hewa lililojaa vumbi. Moshi mweupe waweza kuwa ni maji yanayoingia katika silinda. Moshi wa rangi ya samawati ni oili inayoungua, wala si kosa la nozo.

Basi fundi mwenye busara huanza na mambo ya bei nafuu. Kwanza hutoa maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli, na chujio likiwa chafu hulibadilisha. Pili hutazama mabomba kama yanavuja au yanaingiza hewa, kisha huitoa hewa hiyo. Tatu hutazama chujio la hewa. Malori mengi hupona hapo hapo.

Ikiwa ugonjwa umebaki, na injini ni ya zamani yenye pampu ya kawaida, fundi huiacha ingurume polepole, akalegeza kidogo nati ya bomba la nozo moja, kisha husikiliza. Sauti ikibadilika na injini ikalegea, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Sauti isipobadilika, hiyo ndiyo silinda yenye ugonjwa. Huikaza nati, kisha huenda kwa ya pili, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Nozo inayoshukiwa hutolewa na kupelekwa kwa fundi mwenye pampu ya kupimia, ili aone inavyorusha mafuta na nguvu inayofungukia. Ikiwa nozo ni nzima, huenda silinda yenyewe imechoka, nayo haina budi kupimwa. Wakati wa kurudisha nozo, mahali pake pasafishwe, na washa ya shaba iwe mpya.

Hapa lipo onyo kubwa. Katika injini za kisasa zinazoongozwa na kompyuta, nguvu ya mafuta katika mabomba hufika mara 700 na zaidi ya ile ya hewa katika gurudumu la motokaa ndogo. Nati za mabomba hayo zisilegezwe kamwe injini ikinguruma. Injini hizo hupimwa kwa chombo cha kusomea kompyuta. Wala mtu asitafute uvujaji kwa kidole. Mafuta yanayotoka kwa nguvu hupenya ngozi kama sindano. Tundu huonekana dogo, pengine bila maumivu makubwa, lakini ndani nyama huharibika, na mtu aweza kukatwa kidole au mkono. Aliyepatwa na jambo hilo apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aelezwe kwamba ni mafuta ya dizeli.

Mwisho, kinga ni bora kuliko dawa. Adui za nozo ni maji, uchafu, na mafuta ya taa. Dizeli hulainisha pampu na nozo; ikichanganywa na mafuta ya taa, vyuma husagana. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwazuia wafanya biashara wenye kuchanganya. Anayenunua dizeli ya pipa kando ya njia kwa sababu ni rahisi, huweka akiba ya senti leo na kulipa maelfu kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.